Kiti Nilichopewa Shambani kwa Wanza

Kwa Mbinya wa Urbanus,
Nyuma ya soko la Muthetheni,
Mwala, Machakos.

Tarehe 9 Oktoba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Mwongeli,

Susu yako anakusalimu. Wewe ni mzima? Henry ni mzima? Na Mbinya mdogo, yule aliyechukua jina langu akalivusha bahari, anakula vizuri au bado anachagua chagua chakula kama mgonjwa? Baridi ya huko Ujerumani imeshaanza? Funika kifua. Nimekuambia miaka yote ufunike kifua, na kila ukinipigia simu ya picha nakuona shingo wazi kama kuku aliyenyonyolewa.

Sisi huku tuko salama. Goti langu la kushoto huamka kabla yangu, lakini mengine yote yanafanya kazi, hata meno yaliyobaki. Mvua bado. Mawingu yanatokea upande wa Yatta, yanatuangalia, halafu yanaenda zake. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, wote majike, na mmoja ana kichwa kigumu kama chako, nimeshamjua.

Anayeandika ni Pauline, mke wa mjomba wako Mwanzia. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwapisha asilainishe neno langu hata moja, maana namjua, moyo wake ni siagi. Na usiulize kwa nini sikupiga simu. Kwa simu unanikatiza, halafu picha inaganda ukiwa umefungua mdomo, halafu unalia, halafu unatuma pesa. Barua haikatizwi. Pauline atazipiga picha kurasa hizi uzipate leo, lakini karatasi yenyewe inakuja kwa posta. Nataka uishike mkononi.

Kwanza nikushukuru. Tangi la maji ulilotuwekea limeniondolea safari ya mtoni, na kila nikifungua ule mfereji nakutaja jina. Miwani pia inanifaa. Siku hizi naona nani anapita njiani, na nani anapita akijifanya hanioni. Nimeyasema haya mapema ili usije ukasema Susu hana shukrani. Sasa kaa chini, kwa sababu niko na ugomvi na wewe.

Unakumbuka ile siku ya Agosti ulinipigia ukaniona niko mtaroni na jembe. Ukapiga kelele, ati, "Susu, bado unachimba na mimi niko hapa?" Mimi nikacheka nikadhani yameisha. Kumbe hukuyaacha. Ukampigia mjomba wako, ukamtumia pesa, ukamwambia atafute watu wa kibarua wachimbe mitaro yote ya shamba langu, na asiniambie kitu mpaka wafike, iwe zawadi. Mwanzia naye akifurahi akili yake huenda likizo. Akaenda Kangundo, akarudi na wanaume tusiowajua, kila mmoja na sururu na beleshi yake.

Walichimba vizuri. Siwezi kusema uongo mbele ya Mungu na Pauline. Mitaro imenyooka, udongo wameurusha upande wa juu kama inavyotakiwa, na kingo wamezipanda nyasi. Shamba lote likawa tayari linangoja mvua. Niliwapikia muthokoi wakala wakalamba vidole, wakaenda zao, nikalala usingizi wa mtoto.

Lakini Mwongeli, kati yetu hakuna aliyejiuliza mwethya watasema nini.

Labda umesahau mwethya, maana uliondoka hapa mikono yako ikijua kalamu tu. Kila Jumanne sisi wanawake wa huu mlima tunachukua majembe, tunaenda kwa shamba la mmoja wetu, tunasimama mstari, tunachimba, tunakula hapo. Jumanne ijayo ni kwa mwingine. Hakuna anayelipwa. Kila mmoja ana zamu yake, na siku ya zamu yako ikikaribia unafagia kiwanja kama mwenye arusi na unatoa vikombe vya kabatini. Babu yako Urbanus alipofariki, ni mwethya walionijengea jikoni. Na usiku mama yako Kamene alipozidiwa na uchungu na gari halifiki huku juu, ni mwethya waliombeba juu ya kitanda mpaka barabarani. Ndani ya tumbo hilo alikuwa nani? Ulikuwa wewe. Umebebwa na Wanza, mwenyekiti wetu, kabla hujamjua.

Mimi kwa umri huu sichimbi sana. Ulichokiona kwa simu ulikiona kweli, goti limeisha. Wananiweka mwisho wa mstari, karibu na njia, pale udongo ni laini, na wote wanajifanya hawajui kwamba wamenipendelea. Kazi yangu hasa ni kuanzisha nyimbo. Nikiimba haraka wanachimba haraka, nikivuta sauti wanapumzika kidogo. Hilo ndilo jembe langu siku hizi.

Basi Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu yangu. Niliamka nikakaanga maandazi, nikaweka chai motoni. Nilifikiri watafurahi, kazi imekwisha, tutakaa tu tuongee. Wakaja, majembe mabegani. Wakafika kwa mtaro wa juu wakasimama. Wanza akashuka mtaroni, akagusa ukingo na kidole cha mguu.

"Nani amechimba?"

Nikamwambia ni Mwongeli ametuma watu.

Akasema, "Aa."

Natamani ungeisikia hiyo "aa". Halafu akapanda juu, akapangusa mguu kwa nyasi, akasema, "Basi Mbinya hana haja na sisi tena. Yeye ana Ujerumani." Wakageuka wote na majembe yao, na chai yangu inachemka. Maandazi niliyala na Pauline, mengine wakapewa mbuzi, ndiyo maana wale mapacha ni wanene.

Jumanne nyingine zamu ilikuwa ya Wanza mwenyewe. Nikasema siwezi kujificha nyumbani kama mwizi. Nikachukua jembe langu nikaenda. Mwongeli, walinisalimia vizuri kupita kiasi, vile watu wanamsalimia mke wa chifu. Mmoja akaingia nyumbani kwa Wanza akatoka na kiti, kile cha plastiki cha bluu ambacho huazimwa kila kukiwa na matanga. Akakiweka kivulini, akakipangusa na lesso yake. "Keti, mgeni wetu." Mwingine akanichukulia jembe, polepole, vile unamnyang'anya mgonjwa fimbo, akaliegemeza ukutani.

Nikaketi. Ningefanya nini?

Hapo kitini ndipo nilipomkumbuka yule mama mzee unayemtunza huko kazini kwako, Helga. Uliniambia kitanda chake kinapanda na kushuka kwa kubonyeza tu. Chakula kinamjia kimeshakatwa. Daktari anampitia hata akiwa mzima. Na kila siku anakuuliza kama kuna viazi vya kumenya, na sheria ya hiyo nyumba ya wazee haimruhusu kuingia jikoni. Uliponisimulia nilicheka mpaka nikakohoa. Nikasema, huyu ni mzee gani anapenda kazi hivi, si anipe mimi hicho kitanda. Siku ile kwa Wanza sikucheka. Nilimwona Helga kama dada yangu wa tumbo moja. Na yeye amepewa kiti.

Wakaanza kuchimba. Na kwa sababu nilikuwa na hasira, nikanyamaza. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Majembe yakawa yanaanguka ovyo, hili sasa, lile baadaye, kama mvua inayoshindwa kunyesha. Mstari ukapinda. Jua likapanda, na kazi haijasogea. Mwishowe Wanza akanyoosha mgongo, akanigeukia na mikono kiunoni.

"Mbinya! Na sauti nayo umeiandikia kibarua, ama bado iko na wewe?"

Wakaangua kicheko wote. Mimi nilijaribu kukaza uso, nikashindwa. Nikamjibu neno ambalo Pauline amekataa kuliandika hapa, yeye na kiapo chake. Nikasimama, nikaenda ukutani nikachukua jembe langu, nikaingia mwisho wa mstari kwa mahali pangu, nikaimba. Mwongeli, walichimba siku ile hata Wanza akaogopa shamba lake litaisha.

Lakini usifikiri walinisamehe bure. Wakati wa chai wakakaa kikao. Nikasema nitalipa faini, nitatoa mmoja wa wale wana mbuzi. Wanza akauliza, "Huyo mbuzi naye alitoka Ujerumani?" Nikasema hapana, ni wa hapa hapa. Akasema basi akae na mama yake, kwa sababu mimi sijakosa kitu. Aliyekosa ni yule aliyetuma watu wakachimba zamu yetu, na huyo atalipa mwenyewe.

Mimi nikaruka haraka, nikasema Mwongeli atatuma, Mwongeli hana shida, nikimwambia leo atatuma leo.

"Tumekataa!" Wote kwa mara moja, kama kanisani.

Wanza akasema, "Pesa ya Mwongeli tumeiona. Ni nzuri, imenyooka kama ile mitaro. Sasa tunataka kuuona mgongo wake."

Hiyo ndiyo faini yako. Desemba, wakati wa palizi, uje usimame kwa mstari kila Jumanne utakayokuwa hapa, kwa shamba lolote lenye zamu, na jembe lako. Mimi nimekubali kwa niaba yako. Sikukuuliza, na wewe hukuniuliza juu ya mitaro, kwa hivyo tuko sawa. Kwa sasa wamenirudisha kwa mstari, lakini ujue nimesimama hapo kwa dhamana ya mgongo wako.

Najua uliniambia Krismasi hii huji. Ati tiketi ni ghali, likizo ni fupi, na afadhali hiyo pesa imalizie nyumba yangu ya mawe, ile ya roshani. Mwongeli, roshani nitaangalia nini? Mbuzi naziona hata nikiwa chini. Acha nyumba ingoje. Mawe hayaozi, mimi ndiye ninayeoza. Na usipokuja, nakuambia ukweli, Wanza hatanifukuza. Atakitoa kile kiti cha bluu tena. Wala hatakitoa kwa ubaya, atakitoa kwa heshima, akipanguse vumbi. Hapo ndipo ninapoogopa.

Sasa nigeukie swali la Mbinya mdogo. Ulisema mwalimu wake amewafundisha kwamba kuna nchi tajiri na nchi zinazoendelea, akakuuliza Susu ako wapi, na wewe ukashindwa kumjibu, ukampa biskuti. Usimpe biskuti. Mpe jibu.

Mwambie Susu ako kwa nchi maskini, na asione haya kulisema. Mimi sijakaa kwa darasa hata siku moja, lakini umaskini naujua kwa uso, tumekula sahani moja. Babu yake mkubwa Urbanus alipougua kifua tulimpeleka hospitali, na mashine ya kupiga picha ya kifua ilikuwa imeharibika. Tukaambiwa tungoje fundi. Tukangoja. Huko kwenu mashine ndiyo inamngoja Helga. Huku Urbanus aliingoja mashine, na hakuiona. Hiyo ndiyo tofauti, na asikubali mtu yeyote amwambie ati ni ndogo, au ati sisi huku tunafurahi tu na maisha yetu ya asili. Nilisikia mgeni mmoja akisema hivyo kanisani na nikatamani kumpa mtungi wa maji apande nao mlima, tuone hiyo furaha yake.

Mwambie pia juu ya maembe. Msimu ukifika tunayapeleka Matuu. Mwenye lori anachagua yale makubwa, yanapakiwa, yanaenda. Yale mengine yanatuozea hapa chini, nzi wanafanya sherehe. Halafu naingia dukani hapa sokoni kununua sukari, naona juisi ya embe ndani ya boksi, na Pauline ananisomea ilikotengenezwa, ni mbali hata yeye hakujua kupatamka. Embe limetoka hapa likiwa embe, limerudi likiwa na koti, na sisi ndio tunalinunua. Sasa mimi nauliza, si hilo koti tungelishona hapa? Wale vijana wote wanaokaa sokoni wakicheza bao wangekuwa na mahali pa kwenda asubuhi. Mbinya amuulize mwalimu wake hilo. Mimi sijui jibu, nauliza tu.

Halafu amwambie na hili lingine, asiliache. Huko kwenu mtu akitaka kuchimbiwa shamba, kushikiwa mtoto, kufunikiwa maiti yake, anatafuta pesa kwanza. Huku tunatafuta watu kwanza, kwa sababu pesa hatuna. Si ati sisi ni wazuri kuliko wao. Wanza namjua, ukimpa pesa nyingi leo, kesho ataandika vibarua na atakaa kivulini akiwapigia kelele. Lakini wewe mwenyewe uliniambia ulipojifungua ulikaa ndani na mtoto peke yako mpaka Henry atoke kazini, na jirani wa mlango wa pili alikuwa hajui hata kama ulikuwa na mimba. Hapo nililia, na wewe unajua mimi kulia ni kwa nadra. Huku ungekosa nafasi ya kuweka kikombe chini kwa wingi wa watu.

Kwa hivyo ukiniuliza nataka nchi gani, nitakuambia nataka ile mashine ya kifua na nataka Wanza. Vyote viwili. Nani alisema lazima nichague?

Haya, nimechoka kusema na Pauline amechoka mkono. Hata hivyo roho yangu imetulia. Sina njaa, sina deni la maneno na mtu, na mitaro yako, wacha nikupe haki yako, inapendeza. Mvua ikija haitaondoka na udongo wetu. Nikipita hapo asubuhi najisemea, huyu mtoto ananipenda, ila hana adabu ya kuuliza.

Mama yako Kamene alikuja Jumamosi kutoka Athi River na anakusalimu. Kiwanda kimempa likizo ya Desemba, kwa hivyo usimtumie yeye kama sababu. Mwanzia anakusalimu kwa aibu, maana Wanza amempa na yeye faini yake, atachota maji ya chai ya mwethya mpaka wewe ufike. Pauline anasema anataka ile krimu ya uso uliyomletea mara ya mwisho. Mimi nimemwambia aiandike mwenyewe, na ameiandika. Msalimie sana Henry, mwambie kuna jembe lake pia akitaka, sisi hatubagui. Mbusu Mbinya mdogo pande zote. Na Helga mpelekee salamu zangu, mwambie ni kutoka kwa mwenzake. Siku moja mtilie kiazi kimoja mfukoni pamoja na kisu kisichokata sana, umkalie mlangoni amenye. Hiyo sheria haitakufa kwa kiazi kimoja.

Ungekuwa hapa ningekutemea mate kifuani nikubariki vizuri kama inavyotakiwa, lakini Pauline anasema karatasi italowa. Basi pokea kwa maneno. Mungu akulinde kwa barabara zenu za barafu. Mikono yako isikose kazi, na kazi yako isikose watu. Mtoto wako akue mpaka aninyang'anye hata sauti.

Mwanzia amekata mpini mpya wa jembe lako. Nimeushika na nikaupima kwa kimo chako, nikakumbuka ulivyokuwa unafika hapa begani kwangu. Limeegemea ukuta, kando ya langu. Usije na zawadi. Njoo na viatu vya kuchafuka.

Ni mimi Susu yako, nikupendaye hata nikigomba, na mahali pako kwa mstari nimekushikia,

Mbinya wa Urbanus

(Hilo doa jekundu hapo chini ni kidole changu. Usishtuke, ni udongo wa mtaro wako.)